Kiambu Ni Kisiwa Kisicho na Bahari



Juma lililopita nilijiwa hapa Mwihoko na jirani yangu mmoja, mzee mkulima ambaye katika ujana wake alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Alikaa kivulini, akanywa chai kimya, kisha akatoa bahasha katika mfuko wa koti. Ndani yake mlikuwa na mchoro wa mpima ardhi, na hati ya mapatano yenye mahali pa kutia sahihi. Ekari mbili alizobakiza upande wa Ruiru zimekatwa katika karatasi hiyo kuwa viwanja 16. Wanawe wawili wa kiume wataka viuzwe vyote kabla ya mwisho wa mwaka. Binti yake, ambaye ni mwalimu, hakuulizwa. Mkewe aliulizwa, naye alijibu neno moja tu, kwamba kaburi la mama mkwe wake limo katika kiwanja cha namba 9.

“Mwalimu,” akaniambia, “wewe huandika habari za hesabu katika gazeti kila juma. Nihesabie na hili. Je, nitie sahihi?”

Sikumjibu siku ile, maana swali hilo si lake peke yake. Ni swali la kila mwenye shamba kutoka Githurai hata Thika, na makarani wengi wanaosoma ukurasa huu ni wana wa wazee kama yeye. Basi nimeona afadhali nimjibu hapa mbele yenu wote. Nitaanza mbali kidogo, katika visiwa vya Unguja na Pemba, kwa sababu watu wa kisiwani waliuona mwisho wa ardhi kabla yetu.

Mahali Penye Pwani

Mtu akaaye kisiwani hana haja ya kuambiwa ya kuwa ardhi ina mwisho. Akitembea vya kutosha, upande wowote, atalowa miguu. Sisi wa bara hatuna fundisho hilo. Baba zetu walipobanwa na watu walisogea. Ng’ambo ya mto palikuwa na msitu, na ng’ambo ya msitu palikuwa na mbuga. Kwa hiyo mioyoni mwetu tumeendelea kuamini kwamba pako mahali pa kusogea, hata baada ya mahali hapo kwisha.

Zanzibar ilipohesabiwa mwaka 1948 ilikuwa na watu 264,162. Ilipohesabiwa tena mwaka 1958 walikuwa 299,111. Ongezeko la miaka hiyo 10 lilikuwa watu 35,000 hivi, jambo ambalo mwenye mikarafuu hakulihisi sana. Lakini katika hesabu ya mwaka 2012 walipatikana watu 1,303,569, na katika ile ya mwaka 2022 wakawa 1,889,773. Ardhi haikuongezeka hata shibiri moja. Ni ileile, yapata kilomita za mraba 2,460. Katika kila kilomita ya mraba palipokaa watu 120 na ushei mwaka 1958, sasa pana watu 768.

Tazameni jambo moja zaidi. Mkoa wa Mjini Magharibi, wenye mji wa Zanzibar na vitongoji vyake, ulikuwa na watu 593,678 mwaka 2012, nao ukawa na 893,169 mwaka 2022. Tofauti ni watu 299,491. Yaani mkoa mmoja, katika miaka 10 tu, umeongezewa watu sawa na wote waliokuwa wakiishi Unguja na Pemba mwaka 1958.

Watu wengi wasikiapo habari kama hii hudhani ya kuwa mashamba yamebaki matupu, kila mtu amekimbilia mjini. Sivyo. Mkoa wa Kusini Unguja ni wa wakulima na wavuvi, na sasa pia wa mahoteli huko Paje na Jambiani. Katika miaka 10 hiyohiyo ulitoka watu 115,588 ukafika 195,873. Juu ya kila watu 100 waliokuwapo wameongezeka karibu 70, na huo ni ukuaji wa haraka kuliko ule wa mjini penyewe. Sababu mojawapo ni kwamba mji umejaa, nao wamwagikia shamba. Mtu wa Wilaya ya Kati aweza kulala mkulima na kuamka jirani wa mji, wala hakuhama kitandani mwake.

Pemba nayo ina mafunzo yake. Mwaka 1958, katika kila watu 100 wa Zanzibar, karibu 45 walikuwa Wapemba wakaao kwao. Mwaka 2022 hawakufika 29. Si kwamba kisiwa kimepungukiwa na watu, maana idadi yake imekuwa mara nne ya ile ya zamani. Lakini wana wake wengi wamevuka kwenda Unguja, Tanga, Dar es Salaam na Mombasa kutafuta kazi na biashara. Shamba la karafuu lililomtosha babu halikuwatosha wajukuu.

Na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali ya Mapinduzi ilitwaa mashamba makubwa ikawagawia watu vipande vya ekari tatu tatu, ambavyo mpaka leo huitwa “eka tatu”. Nia ilikuwa kila jamaa awe na mahali pa kulima. Leo eka tatu nyingi zilizo karibu na mji zimekatwa viwanja, mara nyingi bila idhini ya mtu yeyote. Minazi imeangushwa na nyumba zimesimama. Mchele mwingi unaoliwa visiwani huletwa kwa meli kutoka nchi za mbali.

Na Sisi Je?

Najua mtaniuliza, Mwihoko na bahari wapi na wapi? Chukueni kalamu, makarani, mnisaidie.

Kaunti ya Kiambu, ambayo Mwihoko ni kata yake moja katika Ruiru, ina ukubwa wa kilomita za mraba 2,540 hivi. Hiyo ni karibu sawasawa na Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja. Katika hesabu ya mwaka 2009 Kiambu ilikuwa na watu 1,623,282. Katika hesabu ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 2,417,735. Gawanyeni kwa ukubwa wa nchi, nanyi mtapata watu zaidi ya 950 katika kila kilomita ya mraba. Kwa hiyo Kiambu imejaa kuliko Zanzibar. Ni kisiwa kisicho na bahari: kusini pwani yetu ni Nairobi, mashariki ni Machakos, kaskazini ni Murang’a, na magharibi ni msitu na ukingo wa Bonde la Ufa. Hakuna upande ambao hauna mwenyewe.

Mji wa Ruiru ulihesabiwa kuwa na watu 238,858 mwaka 2009. Mwaka 2019 walikuwa 490,120, zaidi ya mara mbili, na Thika, ambayo zamani ndiyo iliyokuwa kaka mkubwa, ilikuwa na watu 251,407. Watu hawa wametoka wapi? Wengi wamezaliwa hapa, lakini wengi zaidi wamekuja. Tazameni Murang’a, iliyotoka watu 942,581 mwaka 2009 ikafika 1,056,640 mwaka 2019. Tazameni Nyeri, iliyotoka 693,558 ikafika 759,164. Hizo ni nyongeza za watu 12 na watu 9 juu ya kila 100, wakati Kenya nzima iliongezeka kwa 23 na Kiambu kwa 49. Kama vile Pemba ilivyo kwa Unguja, ndivyo Murang’a na Nyeri zilivyo kwa Ruiru. Na si hao tu. Katika ploti moja ya kupanga hapa Mwihoko utasikia Kikuyu, Kikamba, Kiluo, Kiluhya na Kikisii kabla uji haujachemka.

Liko jambo jingine ambalo mkulima hulisahau. Katika hesabu za Kenya, mahali palipokaliwa na watu 2,000 au zaidi, nyumba zikiwa karibu karibu, huhesabiwa kuwa mji. Mwaka 1962 nchi ilikuwa na watu 8,636,263, na katika kila 100 walikuwa wapatao 8 tu waliokaa mijini. Mwaka 2019 walikuwa 31 katika kila 100. Basi wako wanaosema kwamba shamba linakufa. Lakini hesabuni watu wenyewe, wala si sehemu ya mia: mwaka 1962 waliokaa mashambani walikuwa milioni 8 hivi, na mwaka 2019 walikuwa zaidi ya milioni 32. Watu wa shamba wameongezeka mara nne juu ya ardhi ileile. Wingi huo ndio ulioleta mji mlangoni petu, na hakuna sikio la mkulima lililousikia ukija.

Tulifikaje Hapa

Haifai kumlaumu mtu mmoja, maana mambo haya yamekuja kwa hatua.

Wakati wa Hali ya Hatari, tangu mwaka 1954, Serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu zaidi ya milioni moja wa sehemu za Kati, ikawakusanya katika vijiji zaidi ya 800. Watu waliokuwa wakikaa kila mmoja juu ya kilima chake walijikuta wakisikilizana wakikohoa usiku. Mwaka huohuo wa 1954 ulianza mpango wa Swynnerton, ambao kwa huo vishamba vilivyotawanyika viliunganishwa na kupewa hati, na Mwafrika aliyekatazwa kupanda kahawa akafunguliwa mlango. Mwenye ardhi alipata hati na mibuni. Asiye na ardhi alibaki kijijini, na baadhi ya vijiji hivyo vipo hata leo, watu wakiwa wamebanana kama zamani.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 watu wa Kiambu na Murang’a walichanga fedha katika makampuni na vyama vya ushirika, wakanunua mashamba ya walowezi pande za Ruiru na Thika. Mtu alinunua hisa, na hisa ikageuka kipande cha ardhi. Wengine walipewa ekari, wengine kiwanja. Lilikuwa jambo la heshima, nami nawakumbuka akina mama waliouza kuku na mayai wapate hisa moja. Jina lenyewe la Mwihoko, kwa Kikuyu, ni tumaini.

Kisha kahawa ikaanguka. Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000. Mnamo Julai 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakishikilia bei yalivunjika, na bei ikaporomoka. Siku hizi mavuno ya nchi nzima hayafiki nusu ya yale. Mkulima aliyengoja malipo mpaka shule zikafunguliwa na kufungwa tena, tusishangae akichukua panga akaing’oa mibuni. Halafu mwaka 2012 barabara kuu mpya ya Thika ikafunguliwa, na kutoka Githurai mtu akaweza kufika kazini Nairobi kabla chai haijapoa. Kuanzia siku hiyo ardhi yetu ilianza kuuzwa kwa futi.

Na uzazi? Wako wanaodhani kwamba akina mama wetu wanazaa kupita kiasi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 wastani ulikuwa watoto 3.4. Uzazi umepungua zaidi ya nusu. Lakini watoto wale wengi wa zamani sasa ndio baba na mama, na hata kila mmoja akizaa wawili au watatu, jumla ni kubwa. Ni kama shamba la migomba: hata ukiacha chipukizi chache kwa kila shina, mashina yakiwa mengi, shamba litajaa. Tena kila kijana sasa ataka nyumba yake. Katika Kiambu ya mwaka 2019 kila nyumba ilikuwa na watu 3 tu kwa wastani, na katika Kenya nzima karibu 4. Watu 12 waliotoshwa na boma moja la babu, leo wataka paa nne.

Hesabu ya Mzee

Sasa tumrudie jirani yangu na bahasha yake.

Baba yake aliacha ekari 8. Tuseme mtu mwenye ekari 8 ana watoto 4. Kila mmoja atapata ekari 2. Kila mmoja wa hao akiwa na watoto 4, kila mjukuu atapata nusu ekari. Na wajukuu wakiwa na watoto 4, kila kitukuu atapata moja ya nane ya ekari, yaani kile kiwanja cha futi 50 kwa 100 kinachoandikwa katika matangazo ya barabarani. Ni vizazi vitatu tu kutoka shamba la ng’ombe na kahawa mpaka kiwanja cha nyumba moja na kamba ya kuanikia nguo. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyefuja mali. Ni kugawanya kwa haki tu.

Je, moja ya nane ya ekari italisha watu wangapi? Tuseme mkulima mwema apata magunia 8 ya mahindi ya kilo 90 katika ekari moja. Basi kiwanja hicho, kikilimwa chote pasipo hata choo, kitatoa gunia moja, ambalo mtu mzima mmoja aweza kulimaliza kwa mwaka. Ndiyo maana sisi nasi, kama Waunguja wangojao meli ya mchele, twangoja malori ya mahindi kutoka Kitale na viazi kutoka Nyandarua.

Kisha nikautazama mchoro wa mpimaji. Shamba la mzee lina upana wa futi 208 na urefu wa futi 416. Safu mbili za viwanja vyenye kina cha futi 100 zinakula futi 200 za upana. Zinabaki futi 8 za njia. Njia ya futi 8, kwa nyumba 16! Lori la kunyonya vyoo lina upana uo huo. Moto ukiwaka usiku gari la kuzima moto litasimama barabarani likitazama. Ukitaka njia ya futi 30, ambayo magari mawili yapishana, kina cha kila kiwanja kitashuka hadi futi 89, na mnunuzi aliyeahidiwa futi 100 atakwenda mahakamani. Mzee, aliyeandika vitabu vya kahawa miaka 20, aliliona kosa hilo mara tu nilipomwonyesha. Alisema, “Mimi nilihesabu fedha, sikuhesabu futi.”

Nami sisemi haya kama mtu asiye na doa. Mwaka 2013, barabara mpya ikiwa bado yanukia lami, niliuza nusu ekari yangu nikanunua gari la abiria. Miaka mitatu gari lilinipa fedha, na mwaka wa nne likasimama, wala halikuondoka tena. Leo mahali pale pana nyumba ya ghorofa tano. Mbele yake, ukingoni mwa mtaro, mama mmoja amelima ukanda mwembamba wa sukuma wiki, nami hununua kwake mboga za jioni, hatua chache kutoka mahali nilipokuwa nikichuma bure. Majuto ni mjukuu, huja kinyume.

Kisiwa Kilichopata Njia

Msikate tamaa lakini. Kiko kisiwa kingine katika bahari yetu hii, Morisi, ambacho katika miaka ya mwanzo ya 1960 wataalamu walikiona kama chombo kilichopakiwa kupita kiasi. Malaria ilikuwa imeshindwa, watoto hawafi tena, na wanawake walizaa watoto 6 hivi kila mmoja. Ardhi yote ilikuwa miwa. Watu wake walifanya mambo mawili pamoja: walipunguza uzazi kwa hiari, hata katika miaka ya 1970 ukawa umeshuka karibu nusu, na kuanzia mwaka 1970 walijenga viwanda ambavyo wanakijiji waliweza kuviendea asubuhi na kurudi jioni. Hata leo karibu watu 6 katika kila 10 wa nchi hiyo huhesabiwa kuwa watu wa shamba, ingawa wakatao miwa ni wachache. Kijiji hakikufa, kwa kuwa kilipata kazi, barabara, maji na shule kabla hakijageuka kuwa msongamano.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka mwishike. Watu kuongezeka si msiba. Msiba ni watu kuongezeka huku kila mtu akikata kipande chake peke yake, gizani, bila kuuliza njia itapita wapi na maji yatatoka wapi. Hapa Mwihoko twaijua hali hiyo, sisi tununuao maji kwa mitungi mvua ikinyesha juu ya mabati yetu.

Jibu Langu

Basi, Mzee, nakujibu. Usitie sahihi karatasi hii.

Sisemi kwamba kuuza ni dhambi. Anayenunua naye ni mtoto wa mtu. Ametoka Kangema au Siaya, amepanga chumba miaka 10, na kiwanja hicho ndicho tumaini lake. Tusijifanye kwamba sisi tuliotangulia ndio peke yetu wenye haki ya kuwa na paa. Lakini karatasi hii imeandikwa kwa haraka ya watu wawili, nayo yawahusu watu wengi.

Kwanza, waite mkeo na binti yako wakae barazani pamoja na wanao. Tangu Sheria ya Urithi ilipoanza kutumika mwaka 1981, na zaidi tangu Katiba ya mwaka 2010, binti si mgeni katika ardhi ya babaye. Na Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 haimruhusu mume kuuza mali ya ndoa bila mkewe kukubali. Siku nyingine ataulizwa, na akiulizwa mahakamani gharama itazidi bei ya kiwanja.

Pili, kumbuka kwamba ardhi ya kilimo haikatwi wala haiuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi; ndivyo sheria isemavyo tangu mwaka 1967, na mapatano yasiyo na idhini hiyo ni bure. Chukua idhini, uiandike, uihifadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hilo sihitaji kumfundisha karani wa ushirika.

Tatu, kama lazima uuze, uza sehemu, wala usiuze yote, na kabla ya kuuza utamke kwa sauti fedha itageuka kitu gani. Ada ya mjukuu ni jibu. Kisima ni jibu. Nyumba ya kupangisha iliyo na njia ya futi 30 ni jibu. “Tutaona” si jibu. Mimi nilisema “tutaona”, nami nimeona.

Nne, sehemu inayobaki ikae kizima kwa jina la wote, isikatwe tena. Ekari moja isiyokatwa huweza kuchukua ng’ombe wawili wa maziwa wa kufungiwa, majani yao, kuku na bustani ya mboga, na wanunuzi umeletewa na hesabu ya watu mpaka mlangoni: watu 490,120 wa Ruiru hunywa chai kila asubuhi. Ikikatwa mara nane, haitachukua hata ndama. Na kaburi la mama yako libaki ndani ya sehemu hiyo.

Barua hii nilimsomea mzee jana kabla sijaipeleka gazetini. Alikuja na binti yake. Binti aliushika mchoro, akavipitia viwanja vyote 16 kwa kidole, kisha akamwuliza babaye kwa adabu, “Baba, na mimi nimo katika kipi?” Mzee hakujibu. Aliukunja mchoro akaurudisha katika bahasha, na Jumapili hii wote wataketi. Wanawe wamenipigia simu, nao hawakunisifu. Mmoja alisema kwamba mimi nililima nikauza nikala, na sasa namkataza yeye. Neno lake ni la kweli kwa nusu, nami sikuwa na la kumjibu ila kwamba ndiyo sababu naandika.

Ninyi msomao, wenye mashamba na wenye mishahara, mwaka 2029 ndio wakati wa hesabu nyingine ya watu wa Kenya, zikifuatwa zile za miaka kumi kumi. Kabla mhesabu hajagonga mlango wako, jihesabie mwenyewe: una ekari ngapi, una watoto wangapi, na pwani yako iko wapi. Mwenye shauri bora kuliko langu na aliandike, hasa ninyi mliokwisha kuuza, na ninyi mliokwisha kukataa. Nitalisoma hapa, na mzee atalisikia.

Wasalaam.